Mkwe Hapandi Gari Moja

Amoni alirudi likizo kutoka machimbo ya shaba ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka, na vaneti kuukuu ya rangi ya majani, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na kijiji kizima cha Chapwa kikatoka nje kuishangaa. Miaka minane chini ya ardhi si mchezo, jamani. Mwacheni ajidai kidogo. Alikuwa na wiki tatu tu kabla ya kurudi kazini, na tangu siku ya kwanza neno lake lilikuwa moja: safari. Huko mgodini alikuwa akiwaona Wazungu wanapakia mahema, mke na watoto, wanakwenda wiki nzima kutazama. Si msiba, si harusi, si kutafuta ng'ombe. Kutazama tu!

"Na sisi tutatazama," alimwambia mkewe, Tupokigwe. "Au nchi ni ya kwao?"

Tupokigwe hakuwa na hamu ya kutazama kitu. Alimtaka mama yake. Bibi Ketrina alikuwa huko Rungwe, na miaka sita ilikuwa imepita bila kuonana. Mwezi wa tano ilikuja barua ya dada yake, Fides: mama macho yamefunga kabisa, chakula hali, anakuita wewe. Amoni aliisoma barua ile mara mbili. Kisha akachukua punje za mahindi, akaanza kuzipanga mkekani.

"Hii ni Mbozi, Kimondo, lile jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Siku ya pili maji ya moto ya Songwe. Ya tatu Mbeya. Ya nne Usangu, Elina wetu aone tembo. Ya tano Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya mwamba." Punje ya sita akamwekea mkewe kiganjani. "Na ya sita kwa mama. Haya yote mengine nimeyaweka njiani tu, mama Elina. Safari ni yako."

Tupokigwe alilia, akacheka, akaenda kufua nguo zake zote siku hiyo hiyo, hata zilizokuwa safi.

Lakini mipango si matumizi. Jumapili, baada ya ibada, watu walilizunguka gari, huyu anapiga bati, yule anajitazama kwenye kioo. Amoni kichwa kikamvimba. Akamwona baba yake, mzee Isaka, amesimama kando na fimbo yake, akapaza sauti mbele ya kanisa zima: "Baba, hii ni yako! Safari ya siku saba, wewe ndiye wa kwanza kupanda!"

Mzee Isaka hakuwahi kukubali kupanda hata lori la misheni. Siku hiyo alilitazama gari, akamtazama mwanawe, macho yakamlengalenga. "Nitapanda," alisema. Watu wakapiga vigelegele.

Amoni alikuwa katikati ya kucheka alipokumbuka. Loo! Maji yakimwagika hayazoleki. Miaka minane ya kulala kwenye nyumba za mgodi, baba, mama, wakwe na shemeji wote chumba kimoja, ilikuwa imemsahaulisha kitu ambacho hata Elina wa miaka minne alikijua. Mzee Isaka alihama zamani kutoka milima ya Ileje, lakini mila alihama nayo. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Hamtaji jina. Hali naye, hakai naye chini ya paa moja, na akimsikia anakohoa njiani huingia porini mpaka apite. Mwiko huo ukivunjwa, wanaolipa ni watoto. Kwa miaka sita Tupokigwe alikuwa anaujua mgongo wa mzee yule na sauti yake, basi. Na mgongo wenyewe kwa bahati mbaya.

Sasa uwaweke kwenye vaneti moja siku saba!

Kikao kilifanyika Jumatatu uani. Tupokigwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, anakoroga uji ulioiva zamani. Huko nje walikuwa mumewe, mama mkwe wake Aida, wifi yake Yunisi, na mzee. Walikuwa wanapanga safari yake, na yeye hakuruhusiwa hata kukohoa.

"Tutafunga turubai," alisema Amoni. "Baba mbele na mimi, wanawake nyuma."

"Turubai ni nguo," alisema mzee, taratibu kabisa. "Tutalala wapi? Tutakula chungu gani? Wewe umezaa mtoto mmoja tu, Amoni. Unataka kumchezea?"

"Basi apande basi," alisema Yunisi.

"Mke wangu? Peke yake, na wanaume nisiowajua?" Hapo aliyewaka ni Amoni mwenyewe. Mila nyingine ameziacha Kitwe, hiyo akarudi nayo. Wanaume bwana!

Tupokigwe alimwomba Mungu, mwiko wa uji mkononi. Kisha akamsikia mzee anainuka.

"Mimi nitabaki," alisema. "Mama Elina akamwone mama yake. Mimi hilo jiwe la mbinguni nitalisikia tu."

Moyo wa Tupokigwe uliruka. Ukaruka, na papo hapo ukaanguka, kwa sababu alijua kitakachofuata, na kikafuata. Mama Aida akaanza kulia. "Mume wangu ashushwe garini kwa ajili ya mkwe? Mbele ya kanisa zima? Watasema nini, Amoni?" Na Amoni, mwanamume wa kupasua miamba, akabaki anakuna kichwa tu. Hakuna aliyekosea. Hakuna hata mtu wa kumkasirikia! Afadhali kungekuwa na mmoja mbaya.

Yunisi aliingia jikoni na macho mekundu. Tupokigwe alimsubiri aseme, mpaka ikabidi aseme mwenyewe.

"Waambie baba aende," alinong'ona. "Waambie mimi nina ng'ombe wa kukamua. Elina ampelekee bibi yake salamu."

Yunisi akatoka, akayasema maneno hayo uani. Tupokigwe aliwasikia wote wakishusha pumzi.

Waliondoka Alhamisi. Tupokigwe alibaki anahesabu: leo wako Kimondo, leo maji ya moto, leo Elina anaona tembo. Siku ya sita hakula. Ya saba alifagia uwanja mara tatu. Hawakuja. Ya nane hawakuja. Ya tisa, jua likiwa juu, alisikia gari, akakimbilia jikoni kama inavyompasa, akasimama.

Hakuna aliyeshangilia. Zilikuja hatua za fimbo, zikaufikia ukuta wa jikoni, na mzee Isaka akaketi chini upande wa pili, mgongo ukutani.

"Yunisi," alisema, ingawa Yunisi alikuwa mbali, bado anashusha mizigo. "Mwambie mama Elina, tumemzika mama yake juzi."

Tupokigwe aliukamata ukuta kwa mikono miwili.

"Tulimkuta hai. Haoni, lakini akili zake zote anazo. Mtoto akapelekwa kitandani, bibi akampapasa uso, masikio, vidole, akamjua kuwa ni mjukuu wake. Akafurahi sana. Kisha akasikia sauti yangu, nami nilikuwa nimeketi pale mlangoni. Akasema, 'Mzee, mtoto huyu hakuja bila mama yake. Najua yuko nje, anaogopa kuingia kwa sababu yako. Mwanangu nilimlea vizuri. Tafadhali, toka kidogo, umpishe aingie.'"

Fimbo ilikwaruza chini.

"Nikatoka," alisema. "Ningefanyaje, Yunisi? Nikatoka, nikasimama uani, na hapakuwa na mtu wa kuingia."