Magugu ya Mkamwana

Mavyaa na mkamwana wake walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa maua.

Mbele ya baraza yalisimama mawaridi ya mavyaa, kila shina na kijiti chake. Nyuma, chini ya dirisha la chumba cha cherehani, palikuwa na kipande cha ardhi cha upana wa kitanda. Hapo mkamwana, fundi wa nguo, aliotesha maua ya mwitu kwa mbegu alizookota kando ya barabara. Masika yalichanua ya manjano, madogo kama vifungo vya shati la mtoto. Vuli, ya zambarau. Hata kiangazi, majani yote yakiwa hoi, yalibaki maua meupe mawili matatu yaliyogoma kufa. Fundi alishona akiyaangalia. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa haonekani miezi mizima, na furaha nyingine ndani ya nyumba ile hakuwa nayo. Mavyaa alilijua hilo vizuri sana.

"Mwanangu kaoa mbuzi," alisema. "Mtu mzima unafuga magugu!"

"Mbuzi angekwishakula mawaridi yako, mama."

Jibu hilo lilimkaa mavyaa rohoni. Mwisho wa kiangazi, fundi alipotoka kupeleka sare kwa mteja, mama huyo alijifunga kibwebwe akang'oa kila kilichosimama kule nyuma. Na kwa kuwa hakukubali hata kijiko cha udongo kiende na gugu, alilibeba fungu lote mpaka kwenye mawaridi yake, akalikung'utia pale, shina kwa shina, kwa hasira za mwaka mzima. Maua yalikuwa yamekauka, vichwa vimejaa mbegu.

Fundi alirudi akakuta ardhi tupu. Alilia mpaka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana mlangoni bila salamu.

Masika yakafika, na asubuhi moja mavyaa akapiga kelele. Mawaridi yake yalikuwa yamezama katika manjano.

"Umenipandia uchafu wako, mchawi we!"

Fundi alitoka, akatazama. Alimjua mavyaa na udongo wake. Akaelewa papo hapo. Furaha ilimpanda hata akashika nguzo.

"Sikupanda mimi, mama."

"Muongo! Haling'olewi hata moja mpaka mume wako aje ayaone kwa macho yake!"

Siku hiyohiyo fundi akahamishia cherehani barazani. Alishona akiyatazama masika yote, huku mavyaa akiyalinda kama ushahidi, akinuna.

Dereva alirudi kiangazi. "Mama, hivi si vijiti vikavu tu?" akasema, akaingia kuoga.

Mavyaa akajifunga kibwebwe kwa hasira. Fundi akaweka mkasi chini.

"Yang'oe yote, mama," alimwambia kwa adabu. "Ila yakung'ute vizuri, udongo wako usipotee."