Maboga ya Ng'ambo ya Kijito

Siku mashamba ya mboga yalipogawiwa kambini, Yudith alifika mwisho, na wa mwisho hapewi cha kuchagua. Wake wenzake wa wakata mkonge walipata vipande karibu na kisima. Yeye akapewa kile cha ng'ambo ya kijito, mwendo wa nusu saa, ardhi ya kichanga iliyopakana na minazi ya watu wa kijiji cha Kigombe.

"Hapo hata nyasi zinaona haya kuota," alisema mumewe, Fanueli.

Lakini Yudith alizaliwa Bumbuli, kule milimani, kwa mama aliyeilisha ardhi kwanza ndipo akaidai chakula. Akaanza kubeba. Alibeba samadi ya mbuzi kutoka kwa Mboni, mwanamke wa Kimtang'ata wa hapo Kigombe aliyepakana naye mashamba. Alibeba matumbo ya samaki kutoka pwani, na makapi ya mkonge yaliyooza yakawa meusi tititi. Akavichanganya, akavifukia, akasubiri.

Vuli ya mwaka 1958 ilipoanza, Uweso, mwenye duka la kambini, akaleta kutoka mjini makopo ya unga mweupe wa kuua wadudu. Ukiunyunyiza jioni, asubuhi unakuta viwavi chali. Haikupita wiki mbili, kambi nzima ilikuwa ikinunua. Mchicha wa akina mama ukanyooka, jani zima, bila tundu. Wa Yudith ulitobokatoboka kama chekecheo, ingawa kila alfajiri aliokota viwavi kwa mkono, akaumwagia majivu na maji ya mwarobaini.

Lori la kununua mboga lilipokuja kutoka Pangani, likajaza mafungu ya wenzake na kuliacha lake chini. Uweso alikuwa amesimama mlangoni pa duka.

"Kizuri chajiuza, mama Ruthi," akamwambia. "Hicho chako naona kinajitembeza tu."

Wanawake wakacheka. Yudith akajitwika mchicha wake, akarudi nao nyumbani.

Jioni ile Fanueli aliingia na kopo la unga.

"Wenzako wote wanautumia, na hakuna aliyekufa," alisema.

"Kuku wa jirani yetu Benedikta wamekufa."

"Kuku hufa kwa kideri kila mwaka."

"Baba Ruthi, mtoto wako anachuma nyanya anazila palepale, hata hazioshi. Unga unaoua kiwavi kwa usiku mmoja, tumboni mwa mtoto unafanya kazi gani? Niambie, nami nitaunyunyiza."

Fanueli akalitua kopo mezani kwa kishindo. "Utashindwa, watu watucheke."

"Basi niache nishindwe kwa njia yangu."

Asubuhi yake kopo likarudi dukani.

Haikuwa rahisi. Wiki iliyofuata viwavi walimaliza tuta zima la bamia, Yudith akakaa chini mchangani akalia. Mboni alimkuta hapo. Hakumpa pole nyingi. Alikunja kanga yake, akainama, wakaokota pamoja mpaka jua likawa kali.

Kisha maboga yakachanua. Kule kambini mashamba yaligeuka manjano matupu kwa maua, akina mama wakaanza kuhesabu maboga ambayo hayajazaliwa. Lakini kila kijiboga kilichotokeza, ukubwa wa yai, kilipauka, kikasinyaa, kikaanguka. Cha leo kikaanguka, na cha kesho vilevile. Wengine wakasema ni kijicho. Wengine wakamtupia jicho yule aliyerudishwa na mchicha wake.

Benedikta, jirani yake wa mlango kwa mlango, ndiye aliyevuka kijito kwenda kuhakikisha. Alifika akasimama kama aliyepigwa na butwaa. Maboga yalikuwa yamelala kila upande, mengine makubwa kuliko mitungi, yamekaza ngozi, yameiva.

"Mwenzangu, umefanya dawa gani?"

"Nyamaza kidogo," Yudith alisema. "Unasikia nini?"

Benedikta akatega sikio. Nyuki. Walitoka kwenye mzinga wa gogo ambao mume wa Mboni aliutundika mnazini, wakaingia na kutoka kwenye maua, miguu imejaa chavua.

"Kule kwenu umewasikia lini mara ya mwisho?"

Benedikta akashika mdomo. "Niliwafagia," alisema polepole. "Kando ya kisima, wamekufa, karai zima. Nikadhani ni jua."

"Ua la boga lisipotembelewa na nyuki halizai. Mmewaua wakunga, mnangoja watoto."

Zilikuwa zimebaki siku tatu Ramadhani ianze. Kigombe yote ilitaka maboga ya futari, ya kupikwa kwa tui zito, na kwa kuwa siku zote waliyapata kambini, hakuna aliyekuwa nayo. Mboni akapita nyumba kwa nyumba. Asubuhi iliyofuata wanawake wa Kigombe walikuja kwa msafara, vikapu vichwani, wakiimba, na lori la Pangani likapita duka la Uweso bila kusimama, likaenda kusimama kando ya kijito.

Uweso mwenyewe alikuja mwisho, kwa miguu, kofia mkononi.

"Mama Ruthi, mke wangu amenituma boga."

"Karibu, chagua. Na mbegu nitakupa. Ila unga ule usiagize tena."

Uweso alilipima boga kwa mikono miwili, akashindwa kuzuia kicheko. "Niagize? Nani ataununua? Tangu jana wananirudishia makopo!"

Masika yalipokaribia, akina mama ishirini na watatu walivuka kijito kujifunza kuchanganya samadi na makapi, na Yudith, ambaye hakuwahi kushika chaki, akawafundisha kwa jembe. Mboni akawapa mzinga wa pili wautundike kisimani. Na Jumamosi ya kwanza wakata mkonge walipopewa mapumziko, kambi nzima ilitoka nje kumtazama Fanueli akitoka pwani na kikapu cha matumbo ya samaki kichwani, maji yakimchuruzika mabegani, akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya juu na kumwambia kila aliyekutana naye, "Hii ni kazi ya mke wangu. Pisheni njia!"