Tangi la Mwenyekiti

Gilbert ana mikono laini. Hilo nililiona siku ile ile alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, na ningekuwa na akili ningeishia hapo hapo. Mwanaume aliyekaa Minnesota miaka kumi na minne, akazoa theluji kwa koleo, akabeba maboksi, akabadilisha matairi barabarani Januari, mikono yake haiwezi kubaki vile. Ila kusali anajua. Akifumba macho na kuanza na "Ee Baba wa huruma", hata mume wangu Damas, ambaye husinzia kwenye misa ya Pasaka, anakaa wima.

Jumuiya yetu ni ya Watanzania Wakatoliki wa upande huu wa kusini, kaya kumi na moja, kuanzia Burnsville mpaka Shakopee. Jumamosi ya pili ya kila mwezi tunasali nyumbani kwa mmoja wetu. Rozari, somo, kushirikishana, matangazo, sala ya kufunga, halafu chakula. Kuna wanaokuja kwa ajili ya chakula tu, na hao mimi nawaheshimu zaidi kwa sababu hawajifanyi.

Septemba ilikuwa zamu yetu. Tunaishi nje kidogo ya Savage, barabara ambayo bomba la gesi la mji halijaifikia, kwa hiyo nyumba inapashwa moto kwa gesi ya tangi. Tangi limelala uani kama ng'ombe aliyeshiba. Lile la zamani lilikuwa mali ya mzee mmoja mwenye lori la kijani, aliyekuwa akiijazia nyumba ile gesi tangu sisi hatujaijua. Alikuwa anakuja bila kuitwa, anajaza, anabandika risiti mlangoni, anaondoka. Kwa miaka sita sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya habari za baridi.

Siku hiyo Gilbert aliibariki nyumba yetu chumba kwa chumba. Alishuka hata chini kwenye hita akainyunyizia maji ya baraka. Akarudi sebuleni, akapakuliwa pilau, na paja la kuku likiwa mkononi akauliza, "Shemeji, gesi mnanunua kwa nani?"

Nikamwambia.

"Aaa, yule mzee anawaibia," akasema, akacheka kwa huruma. "Mimi sasa niko kwenye nishati. Kampuni yangu inawawekea tangi jipya bure, bei chini ya hapo, na bei tuna-lock. Inakaa pale pale."

Niko kwenye nishati! Mwaka uliotangulia alikuwa kwenye bima, na kabla ya bima alikuwa kwenye vidonge vya kupunguza unene, na tumbo lake lilikuwa pale pale. Lakini alikuwa ametoa tableti kwenye mkoba, ameifuta kwa kitambaa, na ukurasa wa sahihi ulikuwa tayari umefunguliwa.

Kazi yangu mimi ni kusoma maandishi madogo. Niko duka la dawa la hospitali, siku nzima nasoma vibandiko ambavyo wengine wanahitaji miwani miwili. Nikikosea nukta moja, mtu anaweza kufa. Basi mtu kama mimi aliweka sahihi mkataba wa gesi bila kusoma hata mstari. Ningeusomaje? Watu ishirini wamekaa, mwenyekiti ametoka kuombea hita yako, sahani yake bado ina mifupa, halafu umwambie subiri kwanza nikukague? Kwetu hiyo ni kumwita mtu mwizi nyumbani kwako. Nikachora jina langu kwa kidole, na watu wakapiga makofi.

Oktoba wakaja wakang'oa tangi la mzee, wakaleta la kwao, jeupe, lina nembo ya jua linalotabasamu. Wakajaza kwa dola moja na senti arobaini galoni. Damas alifurahi akampigia Gilbert simu ya kushukuru. Lori la pili lilikuja wiki ya kwanza ya Desemba, na risiti ilisema dola tatu na senti kumi.

Nikapiga simu kampuni. Nilisubiri dakika arobaini nikisikiliza kinanda, halafu dada mmoja akaniambia kwamba wananithamini sana. Nikamuuliza bei. Akasema ile ilikuwa bei ya kukaribisha mteja mpya, na mimi sasa si mpya tena. Alilisema hilo kwa sauti ya kunipongeza.

Nikampigia mzee wa lori la kijani. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alisema haruhusiwi kujaza tangi la kampuni nyingine, na tangi lake alikwishalipeleka kwa mtu mwingine. Akaniambia nisiache theluji izibe matundu ya hewa ya hita, akanitakia Krismasi njema.

Gilbert alipokea simu yangu baada ya siku tatu. "Shemeji, soko limepanda."

"Soko gani? Jirani yangu hapa ng'ambo ya barabara anajaziwa na yule mzee kwa bei ile ile ya Septemba."

"Hayo mambo ya makao makuu, shemeji. Mimi ni mtu wa chini tu. Tuombeane."

Tuombeane. Mtu amekuuza mchana kweupe, halafu anakwambia muombeane.

Nilitaka nilizungumze Jumamosi ile ile ya Desemba kwenye matangazo. Damas akanizuia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi, akasema, "Avelina, yaishe. Tutalipa. Yule ni mwenyekiti wetu. Ukimwaibisha mbele ya watu, siku tukifa huku nani atatusafirisha?"

Na hapo alinibana, kwa sababu ni kweli. Aprili mume wa mwenzetu Pamela alipoanguka kazini akafa, Gilbert ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuchangisha, akahangaika na ubalozi, akamsindikiza marehemu mpaka Songea, akamwaga udongo kwa mikono yake laini. Nampa hilo. Mtu wa hovyo anaweza kufanya jambo jema, na ndiyo maana ni vigumu kummaliza.

Basi nikanyamaza. Nikashusha hita, tukavaa masweta ndani, nikawa mpole. Kila nikimtazama Gilbert anasoma somo, nilimdharau, na dharau ile ilinipa joto kidogo. Nilijihesabu kuwa mtu bora kwa sababu tu nilikuwa namdharau.

Pamela anafanya kazi ghalani Shakopee, shifti ya asubuhi. Baada ya msiba kila mtu alimshauri auze nyumba akapange Burnsville. Akakataa. Ni nyumba ndogo kwenye barabara ya changarawe, lakini mumewe ndiye aliyepigilia mbao za ukumbini, na Pamela alikuwa amesema mbele yetu sote kwamba akishindwa kulipa nyumba ile atakuwa amemzika mara mbili. Hana bomba la gesi. Ana tangi uani, la yule yule mzee wa lori la kijani.

Februari ilikuwa zamu yake. Nilijua Gilbert atalitazama lile tangi kama paka anavyotazama samaki. Ndani ya gari nikamwambia Damas kwamba leo nasema.

"Usianze," akasema.

"Sijaanza. Naanza saa kumi, kwenye matangazo."

Rozari ikaenda, somo likasomwa, tukashirikishana. Halafu Gilbert akasimama, akatoa salamu, "Tumsifu Yesu Kristo," tukajibu, "Milele amina," na tangazo lake la kwanza likawa hili: "Tumpongeze dada yetu Pamela. Juzi Alhamisi naye amejiunga na mpango wetu wa gesi. Jumatano tangi jipya linakuja."

Makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani.

Nikamfuata Pamela jikoni, alikokuwa anageuza maandazi. "Kwa nini umesaini bila kuniuliza?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Da Avelina, si nilisaini kwa sababu yako? Nilimuuliza, Avelina amesaini? Akasema ndiye wa kwanza, na hajawahi kulalamika. Nikasema basi. Wewe hata mpishi wa harusi unamkagua masufuria. Kama wewe umeridhika, mimi ni nani?"

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miezi yote ile nilidhani ukimya wangu ni mali yangu mwenyewe. Kumbe Gilbert alikuwa anatembea nao mfukoni pamoja na kadi zake.

"Huo mkataba uko wapi?" nikauliza.

Ulikuwa juu ya friji, umechapwa, kurasa sita. Nikarudi nao sebuleni. Gilbert alikuwa ameshakunja mikono kwa sala ya kufunga.

"Mwenyekiti, kabla hujafunga, nina la kushirikisha."

"Kushirikishana kumepita, shemeji."

"Basi ni tangazo."

Damas akatazama zulia. Nikavaa miwani, nikasoma kwa Kiswahili, polepole, kama ninavyomsomea mgonjwa masharti ya dawa. Kwamba bei ya kukaribisha ni ya kujaza mara ya kwanza tu. Kwamba baada ya hapo bei ni ile ambayo kampuni itaona inafaa. Kwamba tangi ni mali ya kampuni na hakuna mwingine atakayeruhusiwa kulijaza. Kwamba mkataba ni wa miaka mitano, na anayetaka kutoka kabla atalipa gharama za kuling'oa. Kisha nikawaambia tulilipa nini Oktoba na tulilipa nini Desemba. Mtu wa nyuma akasema taratibu, "Hata sisi," na mwingine karibu na dirisha akaitikia.

"Mambo ya biashara tusiyalete kwenye sala," Gilbert akasema.

"Wewe ndiye uliyeyaleta. Uliyaleta kwangu na maji ya baraka."

Ukurasa wa sita ulikuwa na fomu ya kubatilisha. Mteja anaweza kujitoa ndani ya siku tatu za kazi, akimkabidhi wakala fomu hiyo. Pamela alikuja kutoka jikoni akifuta mikono, akasimama nyuma yangu, akasoma mwenyewe. Halafu akachukua kalamu yangu, akasaini. Nikaichomoa ile karatasi, nikaiweka mezani mbele ya Gilbert.

"Andika kwamba umepokea, na tarehe ya leo."

"Nitaishughulikia Jumatatu, shemeji, ofisini."

"Hapana. Sasa hivi."

Akawatazama watu. Watu nao wakamtazama. Jikoni kulikuwa na sufuria la biriani, na maandazi yalikuwa yanapoa, na hakuna jumuiya duniani inayogusa chakula kabla ya sala ya kufunga, na sala ya kufunga ni ya mwenyekiti. Kaya kumi na moja zilikuwa zimekaa na njaa zikimsubiri mtu mmoja aandike jina lake. Hivyo ndivyo nilivyosaini mimi Septemba, macho ya watu yakiwa mgongoni. Nilitaka na yeye aonje.

Akaandika. Damas akapiga picha karatasi kwa simu yake bila kuambiwa, na hapo nilimpenda mume wangu kuliko siku zote za mwaka ule. Sala ya kufunga ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia Gilbert akisali. Haikuwa hata na "Baba wa huruma".

Watu wakainuka, wakaanza kusogeza viti. Wawili watatu walinishika bega. Nilikuwa najisikia vizuri, sitadanganya. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyoisimulia kazini.

Pamela alikuja akasimama mbele yangu. "Ahsante, dada," akasema. Halafu akauliza, si kwa ukali, "Nyinyi bei iliwapanda Desemba?"

"Desemba mwanzoni."

Akapiga hesabu kichwani.

"Januari ulikuja hapa," akasema. "Ulikaa kwenye kochi hilo, ukanywa chai. Ukaniambia baridi ya mwaka huu ni kali, nijifunike. Uliniletea blanketi."

Nilifungua mdomo, nikamtaja Damas, nikataja msiba, nikataja mwenyekiti, na kila nilichokitaja nilikisikia kinavyonuka. Kilikuwa kinanuka kama soko la Gilbert lililopanda.

Pamela akaingia chumbani. Alitoka na lile blanketi, la kahawia, limekunjwa vizuri pembe kwa pembe, akaliweka mapajani mwangu. Kisha akaenda kwenye biriani, akachukua sahani ya kwanza, akaijaza, akaweka na paja la kuku juu, akampelekea Gilbert, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, hajui kama atoke au abaki.

"Kaa ule, kaka," akamwambia. "Wewe ulimzika mume wangu."