Pua ya Fundi

Kila asubuhi wanawake wa kufunga samaki walisimama mlangoni mwa chumba cha baridi, wakimngoja Fundi aingize kichwa. Hakuna aliyevuka kizingiti kabla yake. Kiwanda kizima kilimwita Pua, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiinasa harufu ya amonia, gesi kali inayopoza chumba hicho, hata ikivuja kiduchu ambacho wengine hawakisikii.

"Fundi, ukistaafu pua hiyo utuachie," mmoja alitania.

"Niwaachie muitie mafua?"

Wakacheka. Yeye moyo ulimchoma, maana pua ile ilikwisha kufa. Tangu homa iliyompata miezi minane iliyopita, hakusikia tena harufu ya sabuni, ya dizeli, wala ya samaki aliyeoza. Aliyejua ni mkewe peke yake, na alijua siku mumewe alipokula maharage yaliyoungua akayasifu.

"Wakijua watakutoa, na mapacha bado wanasoma," mkewe alimwambia. "Pua ninayo mimi. Nyumba moja pua mbili za nini?"

Basi mkewe huyo, Mama Mapacha, msimamizi wa wafungaji, akawa wa kwanza kwenye foleni. Mlango ukifunguliwa, akisikia harufu hushika ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Asiposhika, Fundi husema, "Ingieni."

Leo hakushika. Wakaingia wanawake kumi na wanne, Mama Mapacha akitangulia.

Alipobaki peke yake kwenye chumba cha mashine, Fundi aliwasha njiti ya salfa, akaipitisha polepole kwenye maungio ya mabomba. Ilikuwa kinga yake ya pili, ya siri pia: moshi mwembamba wa salfa ukikutana na amonia hugeuka mzito na mweupe. Pale bomba linapopenya ukuta kuelekea chumba cha baridi, moshi ukawa mweupe pe.

Mbona mkewe hakushika kitambaa? Ndipo akakumbuka alfajiri, mkewe akipenga kamasi kwa kujificha nyuma ya mlango. "Vumbi tu, Baba Mapacha," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeziba pua. Alijua akibaki kitandani, mumewe angekwenda kazini bila pua. Akaja, akasimama mbele kama kawaida, hasikii lolote. Wanawake kumi na watatu waliwategemea wao wawili, na kati ya hao wawili hakukuwa na pua hata moja.

Fundi aliijua tabia ya amonia. Ina uchu wa maji, hivyo hukimbilia palipo na unyevu, machoni, kooni na mapafuni, na huko huunguza. Alijua pia kwamba kengele ya hatari ikilia, meneja angeuliza swali moja tu. Mkono ulioinuka kuelekea kengele ukasita. Ulisita kwa pumzi moja, na katika pumzi hiyo bomba likapiga mluzi, ungio likaachia.

Alibonyeza kengele, akafunga vali, akavua shati akalichovya ndooni, akajiziba uso na kukimbilia chumba cha baridi.

"Tokeni! Inameni, tokeni!"

Walitoka wakikohoa, wakikanyagana. Alihesabu kumi na watatu. Akarudi ndani, macho yakimwaka moto, akamkuta mkewe mwisho wa meza akipapasa ukuta kutafuta mlango. Alikuwa amebaki kuwasukuma wenzake watoke.

Nje alimkalisha chini ya bomba la maji, akamfungulia maji usoni. Meneja akafika akihema.

"Pua! Nani alinusa leo?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Mimi," alisema Mama Mapacha wakati uleule, sauti ikikwaruza.

Meneja aliwatazama kwa zamu. Fundi alihisi mkewe akimfinya kifundo cha mguu, akimsihi anyamaze.

"Hakuna aliyenusa, bosi," alisema. "Mimi sisikii harufu. Miezi minane sasa."

Hakuna aliyemtukana. Yule mwanamke wa utani wa asubuhi alikuwa amejikunja kando ya ukuta akitapika, na Fundi alitamani mwanamke huyo angeinuka amzabe yeye kofi. Maji yaliendelea kutiririka.

Gari la wagonjwa liliposimama, Mama Mapacha alinyanyuka, macho yamevimba na wazi, yakitazama pembeni mwa kila kitu.

"Naona weupe tu," alimnong'oneza mumewe. "Mbele kuna nini?"

Alimshika kiwiko.

"Ngazi," alisema. "Ziko mbili. Inua mguu."