Nguzo ya Ndolela

Katika nchi ya Sangamala, ambako mabonde yalilima na vilima vikala, watawala waliishi juu kabisa, wakaendeshwa katika magari ya umeme yasiyo na moshi wala mngurumo, hata raia alijua mkubwa anapita pale tu alipokwisha kutupwa mtaroni. Magari hayo yalipoanza kuishiwa nguvu huko mashambani, Waziri wa Njia, Mheshimiwa Mbarazo, aliingia ubia na kampuni ya Cheche: serikali itoe ardhi na maji ya wanavijiji, kampuni ilete nguzo za kuchajia, na wanavijiji, kwa kuwa nao waliitwa wabia, watoe subira.

Kijiji cha Ndolela kilipata nguzo ndefu, nyeupe. Kijito kilichonywesha bustani kikageuzwa kwa mfereji kwenda kuzungusha mtambo wa umeme mlimani. Wenyeji wakabakiziwa ruhusa ya kuchaji bajaji ya zahanati, pale tu nguzo ilipokosa mgeni.

Asubuhi ya uzinduzi, bajaji ilikuwa imechomekwa. Ndani yake alilala Sekela, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya tumboni. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima. Gari la waziri lilipofika, mlinzi alichomoa waya wa bajaji bila kumtazama mgonjwa, akauchomeka kwenye gari la bosi wake.

"Mheshimiwa," alisema Tumpe, mama mkwe wa Sekela, "huyu hawezi kungoja."

"Mama yangu, nchi nzima inaningoja mimi," alijibu waziri akijipangusa vumbi. "Tukimaliza tutawaachia."

Tumpe akamgeukia dereva wa bajaji. "Tutafika?"

"Hata mlima hatuumalizi, mama."

Tumpe aliushika mkono wa mkwewe, ulikuwa baridi. Akawatazama wanawake wenzake, waliopangwa mstari kuimba nyimbo za shukrani, kisha akaelekeza macho mferejini. Yeye akabaki kando ya mkwewe; wao waliondoka kimya kimya, wakapanda hadi kwenye mtambo, wakaliangusha lango la maji kuuziba mfereji. Kijito kikarudia njia yake ya zamani.

Taa ya nguzo ikazimika. Mlinzi alivuta waya, haukutoka; kufuli lake halikufunguka bila umeme. Nguzo ilikuwa imeling'ang'ania gari kama kupe.

"Fungueni maji," aliamuru waziri. Mlinzi alikwisha kuishusha bunduki begani.

"Yatafunguliwa," alisema Tumpe, "bajaji ikitangulia."

Sekela aliguna kwa maumivu. Waziri aliwatazama wapiga picha aliokuja nao mwenyewe, kamera zote zikimwelekea, akainamisha kichwa kukubali. Maji yakafunguliwa, waya ukaachia. Bajaji ilipopata nguvu ya kutosha iliondoka na Sekela na nesi wa zahanati. Tumpe hakupata nafasi. Gari la waziri, lenye betri kubwa isiyojaa upesi, likachomekwa tena.

Tumpe alipanda kwa wenzake, akakaa ukingoni mwa mfereji, simu kiganjani, hata chakula akakikataa. Hatimaye ikalia.

"Amejifungua," alisema nesi. "Mama na mtoto wazima."

Wanawake hawakupiga vigelegele. Walisimama, wakaliangusha lango tena.

Safari hii waziri alipanda mwenyewe, akihema. "Sasa mnataka nini? Si amekwisha kufika?"

"Mkataba wa ubia tuliambiwa unatuhusu, lakini hatujausikia ukisomwa," alisema Tumpe, akimsogezea nafasi kwenye nyasi mbichi. "Karibu ukae, Mheshimiwa."

Waziri alizitazama nyasi, akageuka kutazama bondeni, ambako mlinzi alikuwa akiuvuta waya kwa mikono miwili. Hakuketi, wala hakuondoka.