Upinde Unaotetemeka

Tangu mzee wa sello, ile fidla kubwa ya kupigwa kwa upinde, aingie kwenye okestra, vituko kama hivi hajaviona. Leo mazoezini, wapiga filimbi wanapuliza hewa tupu, fyuu, fyuu, basi! Wa piano kainama, kaingiza mkono tumboni mwa piano, anakwaruza nyuzi kwa kucha. Na mtunzi wa balaa lote hili ni bintiye wa kumzaa, kakaa kiti cha mbele anatabasamu.

"Huu muziki, au tunahama nyumba?" alimnong'oneza jirani yake.

Utani huo ulikuwa wa kujikaza tu. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka mwaka jana, na hakumwambia mtu, hata nyumbani. Kiongozi wa okestra akigundua, kwaheri sello.

Ikafika zamu ya masello. Karatasi ya muziki ilitaka upinde utetemeke juu ya uzi, ovyo ovyo, bila mpangilio. Wenzake walijaribu wakashindwa. Mikono yao isiyo na ugonjwa ilitetemeka kwa mpangilio, mapigo yaleyale. Mzee akaweka upinde kwenye uzi, asifanye lolote. Sauti ikatoka nyembamba, ikakatika, ikarudi.

"Hiyohiyo!" kiongozi akaruka. "Mzee, unafanyaje? Hebu waonyeshe wenzako."

Jasho likamtoka, maskini. Anasifiwa, au wameshamgundua wanamzunguka?

"Baba hafundishi mtu," binti akadakia. "Hapo atapiga peke yake. Nimepaandika kwa ajili yake."

Kwa ajili yake? Kivipi? Mzee alizidi kuchanganyikiwa.

Mapumziko yalipofika, binti akagawa chai. Vikombe vya wengine vilijaa hadi ukingoni. Cha baba yake kilikuwa nusu, kama kila siku nyumbani, na kila siku mzee humtania, "Ubahili huu umeurithi kwa mama yako, eh?" Leo hakumtania. Alikitazama kikombe, akamtazama bintiye, naye akaangalia pembeni. Lo! Kumbe mwaka mzima anamiminiwa nusu ili chai isimwagike!

Aone aibu? Ashukuru? Hata hakujua, ila machozi yalimlenga. Akakishika kikombe kwa mkono wa kulia, akaunyoosha mbele ya watu wote, na kikombe kikacheza.

"Kijaze, mama," alimwambia bintiye.

Binti akainua birika, akakijaza.