Robo Mzunguko

Jiwe la kwanza lilinipata begani, la pili likavunja kioo cha kibanda cha valvu, kisha waliorusha, watu wa mtaa wetu, wakaingia wenyewe. Aliyenikamata nywele na kunipigiza ukutani alikuwa kaka yangu, wa tumbo moja.

Mtaa wetu ulikuwa mkavu tangu bomba kuu lipasuke. Mafundi walikuwa wamemaliza kuliunga asubuhi ile, na kazi yangu ilikuwa kurudisha maji. Bomba tupu limejaa hewa: valvu unaifungua robo mzunguko, unasubiri hewa itoke, ndipo unaongeza. Ukiifungua yote kwa pupa, bomba halihimili. Lakini huko nje walishaambiana kwamba nangoja kiwanda cha jirani kishibe maji kwanza. Binadamu kwa kuzua, acha tu.

"Kaka, taratibu, litapasuka," nilisema, damu imenijaa mdomoni.

"Wanangu wanakunywa maji ya mtaro. Taratibu ya nani?"

Akanipiga teke la ubavu, nikasikia mfupa ukialika. Wenzake wakanikalia. Akalishika gurudumu la valvu, akalizungusha mpaka mwisho, watu wakashangilia. Niliwachukia wote, yeye kuliko wote, ingawa niliona midomo yake ilivyochanika kwa kiu. Mkamia maji hayanywi. Wahenga walishasema, ila nani alikuwa na masikio siku ile?

Sakafu ilitetemeka. Bomba lilipasukia kule chini, kwenye kioski cha maji, ambako wanawake walishapanga foleni. Maji yalirusha mawe na kuangusha ukuta. Aliyekuja mbio kutuambia alimtafuta kaka kwa macho kabla ya kusema: wifi yangu alikuwa chini ya ukuta ule, na hakuwa hai. Wale walionikalia wakaondoka mmoja mmoja. Nilijikokota nikaifunga valvu mwenyewe.

Jioni ofisi yetu ya maji ilitoa lori moja la boza, lakini dereva aligoma kuingia mtaani, aliogopa mawe. Nikafungwa bandeji mbavuni, nikapanda mbele nimwelekeze, kwa kuwa wananijua.

Kaka alikuwa amesimama katikati ya barabara, kucha zimemtoka kwa kufukua kifusi. Dereva alifunga kioo haraka. Mimi nikafungua cha kwangu.

"Hatuna maji ya kumwoshea," alisema, akiangalia chini.

Dereva aliniuliza kwa sauti ya chini huyo ni nani.

"Kaka yangu," nikasema, nikajisogeza apate pa kukaa.